Sentimita Sabini na Moja

Skrini iliandika sentimita mbili, nami nikaiamini. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hupenda kuanza na hali ya hewa. Ukungu ulikuwepo, sikatai. Ilikuwa Julai, juu ya vilima vya nyuma ya Mbalizi, na vidole vyangu vilikuwa na ganzi tangu asubuhi. Lakini setilaiti hazijali ukungu, wala mimi sikuzuiwa na baridi kufikiri. Nilikuwa na haraka tu, na haraka ndiyo tabia yangu. Mama yangu husema nilitembea kabla sijajifunza kukaa.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Kampuni moja ya parachichi ilikuwa imenunua shamba la zamani la pareto na ilitaka kulizungushia uzio. Shamba lilikuwa na ramani iliyosajiliwa miaka mingi iliyopita, ila bikoni zake, yale mawe ya zege ya kuonyesha pembe za mpaka, zilikuwa zimeng'olewa na matrekta moja baada ya nyingine. Ofisi yetu iliyopo Iyunga ikapewa kazi ya kuurudisha mpaka ardhini. Nichukue namba za kwenye ramani, nizitafute shambani, na pale nitakapozipata nipige kigingi. Nyuma yangu watakuja mafundi na nguzo za uzio.

Asiyeijua kazi hii hudhani setilaiti inakuambia tu ulipo, kama simu inavyokuelekeza nyumba ya harusi. Simu ikikosea mita tano utaisikia ngoma na utafika. Sisi tunatafuta sentimita, kwa hiyo tunatumia vyombo viwili. Kimoja, tunachokiita besi, kinakaa juu ya alama ambayo namba zake zinajulikana tangu zamani. Cha pili, rova, kinatembea nami juu ya fimbo ya mita mbili. Besi inasikiliza setilaiti na kusema: mnaniambia nipo pale, lakini mimi najua nipo hapa, basi leo mnakosea kiasi hiki. Kisha inaitumia rova masahihisho hayo kwa redio, kila sekunde. Ni mpango mzuri sana na hadi leo unanifurahisha. Umesimama juu ya jambo moja tu, kwamba besi kweli ipo pale tulipoiambia kwamba ipo. Ukiidanganya besi, itausambaza uongo wako shamba zima kwa usahihi wa sentimita mbili.

Alama yetu ilikuwa nguzo ya zege kileleni, kimo cha kiuno, ya wapimaji wa zamani, na namba zake zimo kwenye orodha rasmi. Nilikuwa nimeshaitumia mwaka uliotangulia kwa kazi mbili za vijiji vya jirani. Asubuhi ile nilipofunga besi juu yake niliweka kipima-maji ubavuni, nikaona povu limetulia katikati kabisa. Nikamwambia dereva wetu, mtu mzima mwenye subira kuliko mimi, kwamba watu wa zamani walijua kujenga. Nguzo ya miaka yote hiyo, na imesimama wima kama imejengwa jana.

Vigingi kumi na tatu vya kwanza viliingia kwenye nyasi tupu. Hakuna aliyeuliza kitu, maana hapakuwa na kitu cha kuuliza. Kigingi cha kumi na nne kikanipeleka nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, mkulima wa viazi. Hapo mpaka ulikuwa na mstari wa masale, mabichi, yaliyoshonana, yaliyopandwa na mtu mwenye jicho. Kwa ndani ya masale, upande wa mama, kulikuwa na makaburi mawili yaliyosakafiwa kwa saruji, la mume wake na la mtoto wao wa kwanza. Huko vilimani watu wengi huzika nyumbani, pembezoni mwa shamba, mahali ambapo jembe halitafika.

Rova ikanipitisha kwenye masale, ikaniingiza ndani, ikalia kuonyesha nimefika. Nilikuwa nimesimama sentimita sabini ndani ya shamba la mama. Dereva alipovuta kamba kutoka kigingi cha kumi na tatu, kamba ikapita juu ya saruji na kukata makaburi yote mawili upande wa miguuni.

Msimamizi wa shamba la parachichi alikuwepo, na koti lake zito, na karatasi zake. Mama alikuwepo pia, jembe begani. Aliitazama kamba kwanza, kisha mimi.

"Dada mpimaji," alisema, "hii masale alipandaga baba mkwe wangu, na bikoni zilikuwepo bado. Alipanda hapo hapo kwenye bikoni."

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kusema ngoja niangalie tena. Badala yake nilimwonyesha skrini, mama wa watu ambaye hakuwa na miwani, nikamjibu mbele ya msimamizi na majirani wawili waliokuwa wamejisogeza:

"Mama, mashine hii haikosei zaidi ya sentimita mbili. Labda nyie mlizika nje ya mpaka wenu."

Hakubishana. Ningependa angebishana, kwa sababu mimi mtu akinipigia kelele napata nguvu. Alishusha jembe, akaliegemea, akawa anatazama miguuni mwa kaburi la mume wake kama anayepima kwa macho. Msimamizi akaandika. Akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba mafundi wa uzio wanaanza Alhamisi ya wiki inayofuata, na kwamba ikiwa makaburi yamo ndani ya shamba la kampuni, basi ama saruji ikatwe au wafu wahamishwe, na hilo la kuhamisha ataongea na mtendaji wa kijiji kuhusu barua. Mama akaitikia, haya, haya, kwa sauti ndogo. Nikaendelea na kigingi cha kumi na tano.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Ijumaa ili niende Iringa kumwona mama yangu, na njia nzima sikutulia. Nilibadilisha redio mara ishirini. Pale Igawa nilishuka kununua mchele, nikapanda gari, nikakumbuka nimeuacha mchele kwa muuzaji, nikashuka tena. Kilichokuwa kinanikera sikukijua vizuri. Vigingi vyote vilikuwa vimeingia kwa usahihi mzuri, setilaiti zilikuwa nyingi, redio haikukatika. Ila jambo moja lilikuwa linarudi kila nikipita kona. Kwenye mstari wote ule, mahali pekee palipokuwa na kitu cha kunipinga ni pale kwa mama, na pale nilipingwa. Kwingine kote nilikuwa nimekubaliwa na nyasi.

Mama yangu alinipokea kwa chai ya tangawizi na malalamiko kwamba nimekonda. Nyumba yetu ipo nyuma ya lililokuwa duka la marehemu baba. Ukoo wetu ulitoka Kilwa zamani, ukauza vitambaa Iringa kwa vizazi vitatu, mpaka nguo za mtumba zikatushinda. Duka limekuwa stoo, lakini vitu vya baba vimebaki ukutani. Nilikuwa nikipita huku na huku na kikombe mkononi, mama akiniambia kaa, nami nikisema nakaa bila kukaa, ndipo nikasimama mbele ya ufito wa baba wa kupimia yadi.

Ulikuwa wa mbao nyeusi, na upande mmoja umelika. Miaka yote ile aliugonga mezani kwa ncha hiyo hiyo kabla ya kupima, kama vile anabisha hodi. Wateja walipima kwake bila wasiwasi, kwa sababu kila yadi aliyopima, baba aliongeza vidole viwili. Nilipokuwa shule ya msingi nilidhani ni ukarimu. Siku moja mteja alimuuliza kwa nini hanunui ufito mpya, na baba akamjibu, "Huu naujua unakosea kiasi gani. Mpya siujui." Tulicheka dukani mle. Nilikuja kuelewa chuoni, katika darasa la makosa ya vipimo, na nikakaa kule nyuma nikilia kwa sababu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia.

Sasa nikiwa nimeushika ule ufito, chai ikipoa, nikaona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimeuliza kama mkono wangu umekosea, na kama kitambaa kimekosea. Sikuwa nimeuliza kama ncha ya ufito imelika. Nguzo ile ya kileleni nilikuwa nimeipokea kutoka kwenye orodha kama mtoto anavyopokea uji. Kanuni inasema kabla hujaanza kazi uikague alama yako kwa kuipima kutoka kwenye alama nyingine. Najua kanuni hiyo, nimewafundisha wengine. Sikuifanya mwaka uliopita na sikuifanya wiki ile, kwa sababu alama nyingine zipo mbali, na nguzo ilikuwa wima.

Nilimuaga mama Jumapili alfajiri. Aliniuliza kama ndiyo nimekuja kumwona au nimekuja kuona ufito. Nilimbusu mkono, nikaondoka.

Jumatatu nilimchukua dereva na vyombo vyote viwili bila kumuuliza bosi wangu, mwenye ofisi. Nilitaka nguzo tatu: yetu, nyingine iliyo juu ya kilima ng'ambo ya Iyunga, na ya tatu iliyo mbele ya Mbalizi karibu na barabara kuu. Chombo kimoja kinakaa kwenye nguzo hii, kingine kwenye nguzo ile, vyote vinasikiliza setilaiti zilezile kwa saa tatu bila kuguswa. Baadaye kompyuta inalinganisha vilichosikia na kukuambia umbali na mwelekeo kati ya nguzo na nguzo. Hii si kazi ya sekunde moja kama ile ya rova. Dawa yake ni muda. Setilaiti zinatembea, pembe zinabadilika, makosa yanayoyumba huku na huku yanafutana, na kinachobaki ni ukweli au karibu na ukweli.

Muda ndio kitu nisichojua kukaa nacho. Dereva alibaki kwenye nguzo yetu. Mimi nilikuwa ng'ambo, nikiizunguka tripodi kwa mbali nisiitikise, nikihesabu dakika, nikifunga na kufungua zipu ya koti. Nilimpigia dereva mara nne kumuuliza kama taa inawaka. Mara ya tano hakupokea. Baadaye alinieleza kwamba taa ilikuwa inawaka na yeye alikuwa anakula. Mchana tukahamia jozi ya pili, na Jumanne asubuhi jozi ya tatu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa ofisini, mikono imejaa vumbi, nikiitazama kompyuta ikisaga.

Nguzo ya ng'ambo na nguzo ya barabarani zilikubaliana na orodha, tofauti haikufika upana wa vidole vitatu. Yetu haikukubaliana na yoyote. Kutoka nguzo ya kwanza na kutoka nguzo ya pili, zote zilisema jambo lilelile: nguzo yenu ipo sentimita sabini na moja kutoka mahali pake, upande wa chini, kuelekea nyumba ya mama.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Kisha nikampigia bosi, aliyekuwa safarini.

Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Halafu akaniambia kwa upole kwamba nisihangaike bure. Bara zima linasogea, alisema, kila mwaka sentimita kadhaa kwenda kaskazini mashariki, wewe umesoma, piga hesabu uone miaka mingapi inatoa sabini na moja. Nguzo ya zamani, namba za zamani, ardhi imetembea. Na akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba tukisema nguzo ile ni mbovu basi na zile kazi mbili za mwaka jana ni mbovu, na kazi hizo zimeshasainiwa. Hapo ndipo palipomuuma, na mimi paliniuma vilevile, maana sahihi iliyopo pale ni yangu.

Kwa nusu dakika nilitamani kumwamini. Maelezo yake yalikuwa mazuri, ya kisayansi, na hayakuwa na mkosaji. Lakini vilima vyote vitatu vimo kwenye bara moja. Kama ardhi imetembea, imetembea na nguzo zote tatu, na masale, na makaburi na waliomo. Haiwezi kusogeza nguzo moja na kuwaacha wafu nyuma. Nilimwambia hivyo. Akasema network inasumbua, na simu ikakatika. Zile kazi mbili nimezirudia baadaye, nyumba kwa nyumba, na aibu yake ni ndefu kuliko nafasi niliyonayo hapa.

Jumatano asubuhi nilikuwa kileleni peke yangu. Dereva nilimtuma akamwite msimamizi. Nilipiga magoti nikaitazama nguzo kama vile sijawahi kuiona, na kweli sikuwa nimewahi. Kitako chake kilikuwa na saruji ya rangi mbili, ya zamani nyeusi yenye ukoga, na chini yake mkanda wa nyingine, nyeupe zaidi, iliyolainishwa kwa mwiko na mtu aliyejua kazi. Upande wa juu, hatua moja hivi, udongo ulikuwa umedidimia, na nyasi zilizoota pale hazikuwa za aina moja na nyingine.

Wapimaji wa zamani hawakuwa wajinga. Chini ya nguzo kama hizi walizika alama ya pili, pini ya chuma kwenye zege, ili juu pakiharibika chini pabaki. Nilihitaji jembe. Nikashuka kwa mama.

Alikuwa anachambua mbegu za viazi kwenye gunia. Nilimsalimu, akaitikia, akanipa kigoda. Sikukaa. Nilimwambia naomba jembe na sururu, na kwamba nadhani kuna mtu aliwahi kuing'oa ile nguzo ya kilimani na kuirudisha. Je, anamjua?

Alichambua viazi viwili zaidi. Kisha akainua kidevu kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye masale.

"Aliyechimba ni huyo," alisema.

Nikakaa kwenye kigoda.

Alinisimulia bila kuacha kazi ya mikono. Huyu mtoto wao wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Maneno yalikuwa yameenea kote kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia mali, na kwamba mawe yale ya vilimani ndiyo alama aliyoiacha ili wajukuu zake waje wachukue. Mume wake na rafiki zake wawili, ambao nao wameshakufa, walipanda asubuhi moja na sururu. Waling'oa nguzo nzima. Chini wakakuta zege jingine lenye kipande cha chuma kilichochomoza, wakashangilia, wakachimba kulizunguka mpaka shimo likawa la kumeza mbuzi. Zege halikutikisika wala mali haikuonekana. Jioni woga ukawaingia. Ile ni mali ya serikali. Wenzake wakataka kukimbia waiache imelala, ila mume wake akakataa. Alikuwa fundi mwashi.

"Alisema udongo uliochimbwa hautulii," mama aliniambia. "Ukisimamisha kitu hapo kitainama. Ndiyo akaiweka pembeni, kwenye udongo mgumu. Kesho yake akarudi na saruji na uzi wake na kipima-maji. Alipimaga siku nzima mpaka ikakaa sawa. Alikuwa anasemaga, hiyo nguzo nimeisimamisha vizuri kuliko serikali."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa haraka yangu nilianza vyote viwili. Mama alinitazama. Nikamweleza, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza, kwamba kila kigingi nilichopiga nilikihesabu kutoka kwenye nguzo ile, na kwamba nguzo ikisogea, vigingi vyote vinasogea nayo kiasi hichohicho, upande huohuo. Alielewa upesi kuliko wanafunzi niliowahi kuwa nao. Aliacha viazi.

"Kwa hiyo ni yeye aliyejiletea uzio kwenye miguu yake."

Nilichukua jembe, yeye akachukua sururu, tukapanda.

Msimamizi alikuja na dereva, akatukuta tumechimba shimo la kufika mapajani. Alisimama pale juu na karatasi zake, akauliza tunatafuta nini, na mama akamwambia tunatafuta mali ya Mjerumani. Baada ya muda alivua lile koti zito, akaomba sururu. Sikutarajia. Mama alipumzika pembeni, mimi nikaondoa udongo kwa mikono, na muda si mrefu ncha ya sururu ikagonga kitu kigumu. Nilimsimamisha. Nilifuta kwa kiganja, nikamwagia maji ya chupa yangu ya kunywa. Zege, na katikati yake pini ya chuma iliyoliwa na kutu, nene kama kidole gumba. Nilivuta utepe kutoka kwenye pini hadi katikati ya nguzo ya fundi, nikampa msimamizi ncha moja asome mwenyewe. Akasoma. Sabini na moja.

Nilifunga besi ndani ya shimo, tripodi imekanyaga kingo, nikiishusha kwa uangalifu juu ya ile pini. Skrubu nilizikaza kwa haraka hadi dereva akanisogeza na kuzifunga mwenyewe. Kisha tukateremka na rova hadi kigingi cha kumi na nne, na safari hii nilitembea polepole, kitu ambacho dereva anakisimulia ofisini hadi leo. Rova ilinitoa makaburini. Ikanirudisha nyuma, ikaniingiza kwenye masale, ikanisimamisha katikati ya shina na shina, kwenye mstari alioupanda baba mkwe wa mama bikoni zikiwepo, ndipo ikalia. Niliifuta hesabu, nikaanza upya, ikalia palepale. Nilisubiri setilaiti zibadilike, nikarudia mara ya tatu. Msimamizi aliniambia basi, dada, ameelewa. Aling'oa kile kigingi cha kwanza kwa mkono wake, akapiga simu kuwaambia mafundi wasubiri hadi mstari wote urekebishwe, kisha akamwomba mama radhi kwa habari ya barua. Mama akamwambia haya.

Alipoondoka na dereva kwenda kung'oa vile vigingi vingine, nilibaki na mama. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu safari ya kurudi kutoka Iringa. Nikamwambia mama, nilikosea. Nilikuambia mashine haikosei, na nilisema mbele za watu kwamba mmezika nje ya mpaka, naomba unisamehe.

Alikuwa anaondoa udongo wa kile kigingi kwenye saruji ya kaburi la mume wake kwa ukingo wa kanga yake.

"Siku ile ulipoondoka," alisema, "nilikuja hapa nikamuomba radhi. Yeye na mtoto. Nikawaambia nimewalaza kwa watu, sikujua, mnisamehe, mtahamishwa. Siku sita nimekuja hapa kuwaomba radhi." Akaacha kufuta. "Mimi umeshaniomba, nimesikia. Sasa kaa hapo, umwambie mwenyewe."

Mimi ni Mwislamu wa mjini, sikuwa nimewahi kukaa kwenye kaburi la mtu, na kwetu hatukai juu ya makaburi. Nilikaa chini kwenye majani, upande wa miguuni, pale kamba yangu ilipopita. Mama akakusanya jembe na sururu, akaenda kwenye viazi vyake, akaniacha. Kwa mara ya kwanza wiki ile miguu yangu haikutaka kwenda popote.

Nilimwita fundi, kwa kuwa jina lake sikulijua. Nilimwambia kwamba nguzo yake imesimama vizuri kuliko ya serikali, nimeipima. Nikamwambia kiasi alichoisogeza. Nikamwambia kwamba kosa hili tumegawana, ila hatukugawana sawa. Yeye hakujua nguzo ile ni ya kazi gani. Mimi nilijua.